Dawa ya deni la programu ni kulipa

MFUGAJI wa Sangailu, wadi ya eneobunge la Ijara katika Kaunti ya Garissa, akiuza mbuzi anaweza kulipwa kwa simu badala ya kubeba pesa taslimu njiani. Ujumbe wa malipo usipofika, hana pesa za kununulia unga.

Nyuma ya ujumbe huo kuna programu za kompyuta zilizoandikwa mbali naye. Programu hizo nazo huweza kuwa na deni.

Mtaalamu wa Marekani, Ward Cunningham, ndiye aliyelifananisha tatizo hilo na mkopo mwaka wa 1992. Programu iliyoandikwa kwa haraka husaidia kazi kuanza mapema, mradi deni lilipwe upesi kwa kuandika upya sehemu zenye kasoro. Likicheleweshwa, riba huongezeka: kila badiliko dogo huchukua muda mrefu na huweza kuharibu sehemu nyingine.

Mwaka wa 2012, kampuni ya hisa ya Knight Capital nchini Marekani ilipoteza takriban dola milioni 440 kwa muda wa dakika 45. Programu kuukuu, ambayo haikuwa ikitumika lakini haikuwa imeondolewa, iliamshwa kwa bahati mbaya.

Nchini Kenya, M-Pesa ilifanyiwa majaribio mwaka wa 2005 ili wakopaji wa shirika la Faulu walipe mikopo midogo kwa simu. Safaricom ilipoizindua Machi 2007, lengo lilikuwa kutumiana pesa. Baadaye ikaongezewa ulipaji wa bili, akiba na mikopo, na mtambo uliowafaa wachache ukabebeshwa mamilioni ya wateja.

Aprili 2015, huduma hiyo ilihamishwa kutoka mitambo iliyokuwa Ujerumani hadi mtambo mpya wa Huawei uliowekwa Kenya. Waliounda mtambo wa kwanza hawakukosea. Mahitaji ndiyo yaliyoupita.

Kikundi cha waandishi wa programu hakihitaji kusubiri hadi mtambo mzima ubadilishwe. Hatua ya kwanza ni kuyaorodhesha madeni yote, yasibaki kichwani mwa mtu mmoja anayeweza kuhama kazi. Ya pili ni kutenga sehemu ya muda katika kila awamu ya kazi kwa ajili ya ukarabati.

Tatu, majaribio yaandikwe kabla ya sehemu yoyote kuguswa. Nne, kazi ianzie sehemu zinazobadilishwa mara kwa mara, kwani ndizo zenye riba kubwa. Programu itakayoondolewa karibuni inaweza kuachwa ilivyo.

Meneja naye aelezwe gharama kwa saa na kwa shilingi, si kwa lugha ya kitaalamu pekee. Asiyeziba ufa hujenga ukuta, na ukuta huu ukianguka, wa kwanza kuumia huenda akawa mteja wa Sangailu asiye na njia nyingine ya kupata pesa zake.