Zahanati ya chuo: Kutoka maji machafu ya Ithaca hadi ghorofa ya tatu ya Cowell

Mwanzoni mwa mwaka 1903, wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Cornell, katika mji mdogo wa Ithaca jimboni New York, walianza kuugua homa isiyoshuka. Maji ya mji yaliuzwa na kampuni binafsi ambayo wakati huo ilikuwa inajenga bwawa kwenye kijito cha Six Mile. Vibarua wa bwawa hawakuwa na vyoo vya maana, na maji ya kijito hicho yaliingia kwenye mabomba bila kuchujwa. Ugonjwa ulikuwa taifodi. Katika mji wa watu wapatao 13,000, waliougua walipita 1,300. Walikufa 82, na 29 kati yao walikuwa wanafunzi wa Cornell.

Chuo hakikuwa na mabweni ya wavulana. Vijana walipanga mjini, kwenye mageto kama wanavyosema wanafunzi wetu leo, wakala kwa mama mwenye nyumba na kunywa maji ya bomba waliyowekewa mezani. Zahanati ilikuwepo, tena ndani ya jumba la kifahari lililokuwa makazi ya tajiri Henry Sage, ila haikuandaliwa kwa wagonjwa wengi kiasi kile. Karibu wanafunzi elfu moja walifunga virago wakarudi makwao. Wengine homa iliwafuata hukohuko, wakafia mikononi mwa wazazi. Andrew Carnegie, tajiri wa chuma aliyekuwa mmoja wa wadhamini wa chuo, alilipia matibabu ya wanafunzi na kugharamia mtambo wa kuchuja maji ya chuo. Mhandisi wa afya George Soper aliitwa kuusafisha mji. Huyo ndiye aliyekuja kumfichua, miaka michache baadaye, mpishi wa New York aliyejulikana kama Mary wa Taifodi.

Kabla ya msiba ule, chuo kiliweza kusema kwamba homa ya mwanafunzi ni shauri lake na mwenye nyumba wake. Baada ya majeneza 29, kauli hiyo ilikuwa ngumu kuitamka mbele ya wazazi. Historia ya huduma za afya vyuoni, ukiifuatilia kwa makini, imejaa nyakati za namna hiyo: wakubwa wa chuo hawaamki mpaka wahesabu hasara. Na kila walipoamka, msaada waliouleta ulikuja na daftari la kumpimia mwanafunzi, awe amefaa au hajafaa.

Daftari la kwanza lilifunguliwa Amherst, chuo kidogo cha jimbo la Massachusetts. Rais wake, William Augustus Stearns, alikuwa akilalamika tangu miaka ya 1850 kwamba vijana wanaoingia na nguvu zao wanatoka wamenyong'onyea, wengine hawamalizi kabisa. Mwaka 1860 ukajengwa Barrett, ukumbi wa mazoezi wa mawe, na kikaundwa kitengo cha usafi wa mwili na mazoezi, jambo ambalo vyuo vya Marekani havikuwa nalo. Profesa wa kwanza wa afya, ajabu ya mambo, alikuwa mgonjwa mwenyewe, hakudumu. Mwaka 1861 nafasi yake ikachukuliwa na daktari Edward Hitchcock, mtoto wa rais wa zamani wa chuo hicho, naye akakaa kwenye kiti hicho miaka 50, mpaka alipofariki mwaka 1911.

Utaratibu wa Hitchcock ulikuwa hivi. Siku nne kwa wiki, nusu saa kila siku, darasa zima lilipanga mistari ukumbini, kila mtu na vyuma vyake, ambavyo kwa kweli vilikuwa vya mbao, wakainua na kushusha kwa pamoja huku piano ikipigwa. Halikuwa jambo la hiari. Kisha kila mwanafunzi alipimwa: urefu, uzito, mzunguko wa kifua, unene wa mkono, pumzi ya mapafu, nguvu ya misuli. Vipimo viliandikwa mwaka hadi mwaka, na mwaka 1887 vikatolewa kitabu. Aliandika pia nani aliugua nini na kukosa masomo siku ngapi. Nadhani hapo ndipo alipofanya kazi kubwa kuliko ile ya kifua na mikono, kwa kuwa hakuna chuo kinachoweza kutibu kitu ambacho hakijawahi kukihesabu.

Lakini kupima nako kuna njaa yake. Kufikia katikati ya karne ya 20, vyuo vyenye majina makubwa kama Yale, Vassar na Wellesley vilikuwa vinawapiga picha wanafunzi wapya wakiwa uchi, au karibu na uchi, eti kukagua kama migongo yao imenyooka. Mtafiti mmoja, William Sheldon, alizichukua picha nyingi kutafuta uhusiano kati ya umbo la mtu na tabia yake. Mwanafunzi aliyekwenda kusomea historia au kemia akajikuta ametundikwa kwenye nadharia ya mtu asiyemjua. Taasisi ya Smithsonian ilikuja kurithi sehemu ya picha hizo, na gazeti la New York Times lilipoifichua habari hiyo mwaka 1995, baadhi zikateketezwa.

Wanawake walikuwa wamepimwa kwa mizani mbaya zaidi tangu zamani. Mwaka 1873 daktari Edward Clarke wa Boston alitoa kitabu akidai kwamba masomo ya juu yanamharibu msichana uzazi, kwa kuwa damu inayohitajika chini inapandishwa kichwani. Kitabu kiliuzwa sana. Chuo cha Vassar, kilichofunguliwa mwaka 1865, kilikuwa na daktari wake mwanamke, Alida Avery, tangu siku ya kwanza, naye alimjibu Clarke kwa maandishi kwamba mfano alioutoa wa msichana wa Vassar haulingani na hali halisi ya chuo. Wahitimu wanawake nao wakajihesabu wenyewe: chama chao kilituma maswali, kikapata majibu ya wanawake 705, na ripoti iliyotoka mwaka 1885 ilionyesha kwamba afya zao hazikuwa mbaya kuliko za wanawake wengine. Ile hoja ya uzazi haikufa siku hiyo. Sidhani kama imekufa hata leo kwenye baadhi ya vijiwe.

Suala la nani alipe lilipatiwa jibu upande wa pili wa nchi. Mwaka 1906, mwaka uleule wa tetemeko lililoibomoa San Francisco, Chuo Kikuu cha California kule Berkeley kilianzisha huduma ya afya chini ya daktari George Reinhardt, profesa wa usafi na afya. Kila mwanafunzi alilipa ada ndogo kila muhula, mzima na mgonjwa sawasawa, na aliyeugua alitibiwa na hata kulazwa bila kudaiwa upya. Kwa mwanafunzi wa Tanzania aliyezoea kukatwa Sh50,400 za bima kabla hajasajiliwa, jambo hili halina ajabu tena, na manung'uniko yake anayajua: mbona nalipa na siumwi? Mwaka 1906 lilikuwa jambo geni. Huduma ya Berkeley ndiyo inayotajwa kuwa ya kwanza Marekani kumtibu mwanafunzi kikamilifu kwa mtindo wa kulipa kabla. Mwaka 1930 ikapata hospitali yake yenyewe, Cowell, iliyojengwa kwa fedha za wasia. Tutarudi Cowell.

Akili ilichelewa kufikiriwa. Kule Princeton, kwa miaka mingi mtu wa kumwendea ulipolemewa alikuwa Isabella McCosh, mke wa rais wa chuo na binti wa daktari wa Uskoti. Alizunguka mabwenini na chakula na dawa, akakaa kitandani kwa waliougua na waliokumbuka kwao. Zahanati ya chuo iliyojengwa mwaka 1892 ikapewa jina lake. Ushauri nasaha wa kitaalamu ulikuja hapohapo Princeton mwaka 1910, kupitia daktari wa akili Stewart Paton. Sababu iliyotolewa ilikuwa ya kihesabu kama ile ya Amherst: vijana wenye uwezo walikuwa wanaacha masomo kwa matatizo ya hisia, na chuo kinawapoteza. Mama McCosh hakuhitaji sababu hiyo.

Afrika ilikuja kuingia kwenye vitabu vya tiba kwa mlango huohuo wa mwanafunzi aliyelemewa. Mwishoni mwa miaka ya 1950, daktari wa akili kutoka Kanada, Raymond Prince, alifanya kazi katika hospitali ya Aro, Abeokuta, Nigeria, chini ya Thomas Adeoye Lambo. Walimjia wanafunzi wenye malalamiko yanayofanana: kichwa na shingo vinaunguza, macho yanapata ukungu, unasoma ukurasa mzima na hakuna kinachobaki. Wenyewe waliita hali hiyo kuchoka ubongo. Prince aliandika makala kuihusu mwaka 1960, akahusisha ugonjwa na elimu ya kizungu inayomtaka kijana ashindane peke yake, wakati ukoo mzima umechanga ada na unasubiri matunda.

Maelezo hayo yamepingwa sana tangu wakati huo, na mimi mmoja wa wanaoyatilia shaka. Mwanafunzi wa Ulaya wa karne ya 19 naye aliambiwa kwamba amechosha ubongo, na hakuna aliyemtafutia sababu kwenye ukoo wake. Lakini dalili zenyewe zinafahamika hapa kwetu. Nani hajamsikia jirani akisema mtoto wa fulani alisoma mno mpaka kichwa kikafyatuka? Chini ya maneno hayo yuko kijana aliyekesha wiki tatu na madesa, anaogopa kudisko, na nyumbani wameuza ng'ombe. Makerere haikusubiri hadithi za majirani: mwaka 1969 madaktari G. Allen German na O. P. Arya walichapisha katika jarida la Uingereza la magonjwa ya akili utafiti wao kuhusu afya ya akili ya wanafunzi wa Uganda. Lambo naye, daktari wa wenye matatizo ya akili, ndiye aliyekuwa makamu mkuu wa Chuo Kikuu cha Ibadan miaka hiyohiyo.

Sasa Cowell.

Mwaka 1953 kijana wa California mwenye umri wa miaka 14, Ed Roberts, aliugua polio. Alipona akiwa amepooza kuanzia shingoni, akabaki na vidole vichache tu vya kuchezesha. Usiku alilala ndani ya pafu la chuma, pipa refu lililolazwa, mwili mzima ndani na kichwa nje, ambalo mashine yake hubadilisha mkandamizo wa hewa ili kifua kiinuke na kushuka. Mchana alipumua kwa kumeza hewa funda kwa funda. Alipofika mwisho wa sekondari, uongozi ulitaka kumnyima cheti kwa sababu hakuwa amemaliza mafunzo ya udereva na somo la mazoezi ya viungo. Mama yake alipigana mpaka cheti kikatoka. Amherst ililianzisha somo la mazoezi ili vijana waweze kumaliza masomo. Miaka 100 baadaye lilikuwa karibu kumzuia huyu asimalize.

Mwaka 1962 akakubaliwa Berkeley. Idara ya jimbo iliyohusika na kuwasomesha watu wenye ulemavu ilikuwa imekataa kumlipia mwanzoni, kwa maelezo kwamba ulemavu wake ni mkubwa mno na hataajirika. Mabweni nayo yalishindikana: pafu la chuma lilikuwa na uzito wa zaidi ya kilo 350. Aliyetoa njia alikuwa daktari Henry Bruyn, mkuu wa huduma ya afya ya wanafunzi. Alijua kwamba watoto wengi waliopata polio miaka ya 1950 wanakaribia umri wa chuo. Akasema Roberts aishi Cowell.

Basi akaishi wodini, kwenye ghorofa ya tatu, si kwa ugonjwa. Mwaka uliofuata akaja John Hessler, aliyevunjika shingo, na kufikia mwisho wa muongo walikuwa zaidi ya kumi. Walileta wasaidizi waliowachagua wenyewe, wakala saa waliyotaka, wakakesha wakibishana siasa, wakajiita kwa utani Manne Yanayobingirika, kwa kuwa miguu na mikono yote minne ya kila mmoja ilikuwa imepooza na wote walitembelea magurudumu. Wauguzi waliozoea mgonjwa mtiifu walipata shida nao.

Mwaka 1969 mshauri mmoja wa ile idara ya jimbo, aliyekabidhiwa kuwasimamia, aliona masomo ya wawili kati yao hayaendi, akataka waondolewe Cowell. Hapo lilionekana lile daftari la zamani: msaada mkononi, hukumu kwapani. Wenzao waligoma kunyamaza. Walikwenda kwa wakubwa wa chuo na kwa magazeti, na mwishowe aliyeondolewa ni mshauri.

Kilichofuata ndicho ninachokiona kuwa kizito kuliko jengo lolote. Mwaka 1970 wanafunzi hao walianzisha programu yao, nje ya hospitali, inayoendeshwa na wenye ulemavu wenyewe. Ilitafuta nyumba za kupanga ambazo kiti cha magurudumu kinaingia. Iliweka orodha ya wasaidizi wa kuajiriwa. Ilikuwa na karakana ya viti, kwa sababu mota ikifa asubuhi ya mtihani, hakuna daktari wala mshauri atakayekufikisha ukumbini, anatakiwa fundi. Na wenye ulemavu wa mjini, wasio wanafunzi, wakaanza kupiga simu kuomba huduma hizohizo. Kwa ajili yao kikaanzishwa mwaka 1972 Kituo cha Maisha ya Kujitegemea, ambacho Roberts alikiongoza kabla ya gavana Jerry Brown kumteua kuwa mkuu wa ileile idara ya jimbo iliyosema hataajirika.

Hospitali ya Cowell ilivunjwa mwaka 1993 kupisha Shule ya Biashara ya Haas. Matibabu na ushauri nasaha vilihamia Kituo cha Tang, barabara ya Bancroft, ambako mwanafunzi wa leo hukutana na daktari na mshauri chini ya paa moja. Programu ya wanafunzi wenye ulemavu bado ipo chuoni.