Risasi Zilizotota Baharini

Mji wa Eldoret, jirani yetu sisi wa Cheptiret, una kiwanda cha risasi cha shirika la serikali lililoundwa mwaka 1997. Lakini zaidi ya miaka 80 kabla ya hapo, risasi zilikuwa zikitengenezwa upya mjini Moshi, chini ya Kilimanjaro, kwa sababu ya dhiki ya vita.

Risasi ina sehemu nne: ganda la shaba, baruti, kichwa cha madini, na fataki. Fataki hukaa katika kishimo kidogo kwenye kitako cha ganda. Bunduki inapofyatuliwa, fataki hugongwa, hutoa cheche, na cheche huwasha baruti. Fataki ikiharibika, risasi hailii.

Baada ya Vita Kuu kuanza mwaka 1914, manowari za Waingereza ziliifunga pwani ya Tanganyika, iliyokuwa mikononi mwa Wajerumani. Askari wengi wa Wajerumani walikuwa na bunduki za mtindo wa mwaka 1871, ambazo moshi wake ulimwonyesha adui mahali walipojificha. Mwezi wa Aprili 1915 meli Rubens, iliyojifanya ya Denmark, ilifika ghuba ya Manza, kaskazini ya Tanga, ikiwa na mamilioni ya risasi. Manowari Hyacinth ikaishambulia. Nahodha akaitosa makusudi katika maji haba, akawasha moto sitahani ili adui adhani imeteketea. Waingereza wakaenda zao, na shehena ikaopolewa.

Walakini maji ya chumvi yalikuwa yameharibu baruti na fataki. Kamanda von Lettow-Vorbeck aliandika baadaye kwamba katika kila risasi 100, kama 80 hazikulia. Ikabidi zote zifunguliwe, baruti isafishwe, na baadhi ya fataki zibadilishwe. Kwa miezi kadhaa fataki za kila namna zilikusanywa kote nchini na kupelekwa Moshi. Ni kazi ya subira. Kishimo chenye uchafu huizuia fataki kukaa barabara, na nguvu ya pigo hupotea katika kuisukuma. Fataki ikichomoza, yaweza kulipuka kabla ya wakati wake. Baada ya kazi hiyo, zisizolia zilipungua hadi kama 20 katika 100.

Risasi hizo, pamoja na silaha zilizotekwa, zilisaidia kuirefusha vita. Wajerumani walisalimu amri tarehe 25 Novemba 1918, huko Abercorn, ambayo leo ni Mbala, Zambia. Wapiganapo tembo, nyasi huumia: makumi ya maelfu ya wapagazi Waafrika walikufa kwa maradhi na njaa. Kariakoo ya Dar es Salaam na Kariokor ya Nairobi zimechukua jina la kikosi chao, Carrier Corps.

Basi, msomaji, hesabu ya risasi zilizokataa kulia tunayo mpaka leo. Majina ya wengi wa wapagazi hao hatunayo.