Mchoro wa Bure, Chuma cha Ghali: Historia ya Amplifaya Inayoundwa Nyumbani

Mwaka 1947 Waingereza walikuwa bado wananunua mkate kwa kadi za mgao. Vita vya Pili vya Dunia vilikuwa vimekwisha karibu miaka miwili nyuma, viwanda vilihimizwa kuuza nje ili nchi ipate fedha za kigeni, na aliyetaka gramafoni mpya alikutana na bei iliyobebeshwa kodi ya manunuzi. Katika hali hiyo jarida la Wireless World la London, lilelile lililochapa mwaka 1945 makala ya Arthur C. Clarke kuhusu setilaiti za mawasiliano, lilitoa katika matoleo ya Aprili na Mei mchoro wa amplifaya iliyobuniwa na D. T. N. Williamson, kijana wa Edinburgh ambaye hakuwa ametimiza miaka 25. Amplifaya hiyo ilitoa wati 15, na upotoshaji wa sauti haukufika asilimia 0.1 hata ilipokamuliwa wati zake zote. Haukupita muda ikawa inaundwa kwenye meza za jikoni na mabanda ya uani, kuanzia Uingereza hadi Marekani na Australia. Kwa kawaida kisa hiki husimuliwa kama ushindi wa mchoro: mtu mwenye akili alichora, jarida likachapa, na watu wa kawaida wakapata sauti ambayo dukani wasingeimudu. Simulizi hiyo imeshika nusu tu ya ukweli. Mchoro ulipatikana kwa bei ya jarida. Kilichoamua nani ataunda, nani ataishia njiani na nani atatajirika, tangu wakati ule hadi zama zetu, ni chuma: transfoma, chasisi, kasha na mapezi ya kupozea joto.

Transfoma ndiyo ya kwanza, kwa kuwa bila kuielewa mtu hawezi kuona kwa nini mchoro wa Williamson ulikuwa mgumu kuliko ulivyoonekana. Valvu za amplifaya kama hiyo hufanya kazi kwa volti nyingi na mkondo mdogo, ilhali spika hutaka kinyume chake. Kati yao hukaa transfoma ya mwisho, ile inayoshika waya za spika, na sauti yote lazima ipite humo. Besi huitaka transfoma iwe na chuma kingi na mizunguko mingi ya waya. Sauti nyembamba za juu hutaka mizunguko iwe michache, nayo ishikamane. Ukiongeza waya ili besi ipite, unazinyonga sauti za juu. Ukiupunguza, besi inakonda. Njia ya kupatanisha matakwa hayo ni kugawa waya katika mafungu mengi na kuyapishanisha, fungu la upande wa valvu likifuatwa na fungu la upande wa spika, tabaka kwa tabaka, karatasi ya kuhami kila mahali, bila hata mzunguko mmoja kuteleza. Yeyote aliyewahi kumtazama fundi akisuka mota iliyoungua anaweza kukisia subira inayohitajika, kisha aizidishe mara kadhaa.

Williamson aliongeza sharti jingine. Miaka ishirini kabla yake, tarehe 2 Agosti 1927, mhandisi wa Bell Labs aitwaye Harold Black alikuwa ndani ya kivuko akivuka mto Hudson kwenda kazini New York alipopata wazo la mrejesho hasi, akaliandika kwenye ukurasa wa gazeti alilokuwa nalo. Wazo lenyewe ni kuchukua sehemu ya sauti inayotoka, kuirudisha mwanzoni ikiwa imegeuzwa, ili amplifaya ijisahihishe. Lakini sauti ikichelewa njiani, masahihisho hufika wakati usio wake na kugeuka kuwa msukumo. Amplifaya huanza kupiga kelele yenyewe, mara nyingine kwa sauti ya juu mno kiasi kwamba sikio halisikii chochote huku vifaa vikiungua. Na hakuna kitu kinachochelewesha sauti ndani ya amplifaya ya valvu zaidi ya transfoma ile ya mwisho. Williamson alirudisha mrejesho wa desibeli 20, yaani kasoro zilipunguzwa mara kumi, kuanzia upande wa spika hadi valvu ya kwanza, transfoma ikiwa ndani ya mzunguko huo. Kwa hiyo ilimlazimu aeleze kinagaubaga transfoma iwe ya namna gani. Aliyeunda saketi yake kwa kuifuata herufi kwa herufi, kisha akafunga transfoma yoyote aliyoipata, hakuwa na amplifaya ya Williamson. Alikuwa na mtambo wa kutoa mlio.

Anayeijua historia hii anaweza kupinga kwamba chuma kilikuwepo siku zote na kilichobadilika ni fikra. Atakumbusha kuwa Harold Leak wa London alikuwa akiuza tangu 1945 amplifaya alizoziita Point One kwa sababu ya asilimia ileile 0.1, na kwamba bila wazo la Black wote wawili wasingefika popote. Hoja hiyo ina uzito, na ni kweli kwamba Williamson hakuwa wa kwanza. Hata hivyo inathibitisha kinyume cha inachokusudia. Wazo la Black lilikuwa na umri wa miaka ishirini. Wahandisi wa simu walilitumia kwenye njia zao ndefu, lakini halikuzaa sauti safi sebuleni kwa watu wengi hadi alipotokea mtu wa kuwaandikia wasomaji, kwa vipimo, chuma na waya vikae vipi. Hicho ndicho Williamson alichokiongeza. Alichapisha maelezo ya kusuka transfoma pamoja na mchoro wa saketi, na kampuni kama Partridge ya Uingereza zikaanza kuwauzia transfoma waliojua kwamba mikono yao isingeweza kazi hiyo.

Kuna pia wanaosema kwamba siri ya miaka ile ilikuwa mabaki ya vita. Maduka ya Lisle Street mjini London na ya Cortlandt Street mjini New York yalifurika vifaa vya jeshi vilivyouzwa kwa bei ya kutupa, na kampuni ya Heath ya Benton Harbor, Michigan, ilianza biashara yake ya vifaa vya kujiundia mwaka 1947 kwa osiloskopu ya dola 39.50 iliyotumia vipuri hivyohivyo. Sawa kabisa. Ila tujiulize ni nini kilichofurika. Valvu, kapasita, rezista, waya, soketi. Redio za jeshi zilibeba maneno ya askari, na maneno yakieleweka yalitosha. Hapakuwa na sababu ya kuzitilia transfoma ya kupitisha besi ya okestra. Mwaka 1949 Wamarekani wawili, Melvin Sprinkle na David Sarser, ambaye alikuwa mpiga fidla katika okestra ya NBC iliyoongozwa na Toscanini, waliuandika upya mchoro wa Williamson katika jarida la Audio Engineering kwa kutumia valvu za 807, zilizokuwa zimejaa kwenye mabaki ya jeshi. Transfoma walilazimika kuipendekeza mpya, ya kampuni ya Peerless. Miaka miwili baadaye, katika jarida hilohilo, David Hafler na Herbert Keroes walitoa mbinu yao ya kuunganisha gridi ya pili ya valvu kwenye sehemu maalumu ya transfoma, ingawa Mwingereza Alan Blumlein alikuwa amewatangulia katika miaka ya 1930. Maelezo yao yalisomwa na kila aliyenunua jarida. Walichokuwa wakiuza ni transfoma, kwa jina la Acrosound. Hafler alipohamia kampuni ya Dynaco aliendelea na biashara ya aina hiyohiyo, na amplifaya ya ST-70 ya mwaka 1959, iliyouzwa kama vipande vya kuunganisha nyumbani, ilinunuliwa kwa mamia ya maelfu.

Nimekawia kwenye transfoma kwa sababu ni rahisi kuiona kama kifaa. Kasha ni gumu zaidi kulitetea. Wengi hulichukulia kama pambo, kitu cha kufikiria mwishoni kabisa saketi ikishaimba, na hapo ndipo amplifaya nyingi za nyumbani zilipoharibika. Katika amplifaya ya valvu, chasisi ni sehemu ya saketi. Umeme wa Uingereza hupanda na kushuka mara 50 kwa sekunde, na transfoma ya kuingizia umeme hutawanya sumaku yake pembeni. Ukiikalisha karibu na transfoma ya spika, au ukiielekeza upande mmoja nayo, mvumo huingia kwenye sauti na hakuna valvu itakayouondoa. Alumini hukatika na kutobolewa kwa keekee na tupa bila shida, lakini haizuii sumaku ya aina hiyo. Chuma cha kawaida huizuia kiasi, lakini huchosha mikono. Mahali waya wa ardhi unapogusa chasisi pana maana, kwa kuwa ukiugusisha sehemu mbili tofauti mkondo huzunguka baina yake na mvumo unarudi. Ndiyo maana wajenzi wengi wa Williamson waliunda chasisi mbili, moja ya kuandaa umeme na nyingine ya sauti, zilizounganishwa kwa kebo. Tena ndani mlikuwa na volti zaidi ya 400, za kutosha kumuua mtu, kwa hiyo kasha lisilofungika vizuri halikuwa suala la urembo. Ukitaka kujua kampuni za vipande zilimuuzia nini hasa mtu aliyeweza kununua valvu na rezista mtaani, jibu ni hili: bamba lililokwisha kutobolewa matundu ya mviringo kwa vipimo sahihi, na kitabu cha maelekezo. Matundu yale ndiyo kazi ya jioni nyingi.

Kisha ikaja transista, iliyozaliwa Bell Labs Desemba 1947, miezi saba baada ya sehemu ya pili ya makala ya Williamson. Ilipopata nguvu ya kutosha ilielekea kuifuta hoja yangu yote, kwa kuwa transista huendana na spika moja kwa moja. Mwaka 1956 H. C. Lin alionyesha namna ya kuendesha spika bila transfoma ya mwisho, na mwaka 1961 Tobey na Dinsdale wakawapa wasomaji wa Wireless World amplifaya ya aina hiyo. Mlima wa chuma na waya uliotesa kizazi kizima uliondoka. Lakini transista haivumilii joto kama valvu. Ikipata moto hupitisha mkondo zaidi, mkondo huleta moto zaidi, na zile za jermaniamu zilijimaliza kwa njia hiyo kabla mwenyewe hajanusa harufu. Aprili 1969 John Linsley Hood alitoa katika jarida hilohilo amplifaya ya wati 10 yenye transista nne tu kwa kila chaneli, na kipimo alichoilinganisha nacho kilikuwa amplifaya ya Williamson. Saketi yake ingechorwa nyuma ya bahasha. Kwa spika ya omu 8 ilivuta ampea 1.2 kwenye volti 27 muda wote, muziki ukipigwa au usipopigwa, yaani zaidi ya wati 32 za joto kwa kila chaneli. Joto hilo lazima litoke, na hutoka kwa njia ya alumini nzito yenye mapezi, kiasi kwamba kuta za kasha zikawa ndizo kifaa cha kupozea. Kwa hiyo chuma hakikuondoka. Kilihama kutoka katikati ya saketi kwenda pembeni.

Chipu zilipofika ziliimaliza kazi ya saketi karibu yote, na hapo ndipo hesabu ilipojianika. Mwaka 1999 kampuni ndogo ya Kijapani, 47 Laboratory, ilitoa amplifaya iitwayo Gaincard iliyouzwa kwa zaidi ya dola elfu moja. Walioifungua walikuta chipu ya kawaida ya National Semiconductor, ya dola chache, na vifaa vingine vya kuhesabika kwa vidole, vyote ndani ya kasha dogo la alumini lililochongwa kwa ufundi wa hali ya juu. Wengine walikasirika, na wengi zaidi wakaanza kuunda za kwao. Nadhani hasira haikuwa na msingi sana: kasha lile lilikuwa sehemu kubwa ya kazi iliyofanyika. Hesabu hiyohiyo anaipiga fundi wa kwetu. Saketi zilizokwisha kulehemiwa, zenye chipu za jamii ya TDA2030, hupatikana kwenye maduka ya vipuri ya Kariakoo, Dar es Salaam, na Luthuli Avenue, Nairobi, kwa bei isiyomtisha mtu. Fundi anayeunda sabufa ya mteja hahangaiki na mchoro. Anahangaikia transfoma, atakayoichomoa kwenye redio iliyokufa au kuisuka upya, na boksi lisilotetemeka.

Pingamizi lenye nguvu kuliko yote ni la siku hizi, na sina jibu kamili. Amplifaya za daraja D huwasha na kuzima transista mamia ya maelfu ya mara kwa sekunde badala ya kuziacha nusu wazi, kwa hiyo hupoteza joto kidogo sana. Na umeme wake huweza kuandaliwa kwa transfoma ndogo kama kidole gumba. Hapo chuma kimepungua kweli, na anayesema kwamba gharama imerudi kwenye saketi na programu ana haki. Ila mfano mmoja wa mwanzoni mwa miaka ya 2000 unazuia kukata shauri haraka. Amplifaya ya Sonic Impact, maarufu kwa jina la T-Amp, ilitumia chipu ya Tripath, iliwekwa kwenye plastiki nyepesi, iliendeshwa kwa betri na kuuzwa dola 39 hivi. Sifa zake zilivuma hadi kwa watu wenye amplifaya za maelfu ya dola. Wengi walioinunua waliipasua plastiki, wakatoa saketi, wakaipandisha kwenye kasha la alumini au la mbao ngumu, wakaifungia soketi imara za spika na chanzo kizuri cha umeme, kwa gharama ambayo mara nyingi ilizidi bei ya amplifaya yenyewe.