Kisu Kilitangulia, Ngozi Ikafuata

Wapasuaji walijua kuutoa utumbo nje ya tumbo karibu karne mbili kabla ya kujua la kufanya na ngozi inayouzunguka. Mwaka 1776 Pillore wa Rouen, Ufaransa, alimtobolea mgonjwa njia mpya ya haja tumboni. Cha kuzuia uchafu kilikuwa sponji. Mwaka 1793 Duret wa Brest alimpasua mtoto aliyezaliwa bila njia ya haja kubwa, na mtoto huyo akaishi hadi miaka 45. Vitabu vinamsifu Duret. Aliyempangusa mtoto na kumfulia hatajwi.

Nilifanya uuguzi Malava, magharibi mwa Kenya, hadi kustaafu, na huyo asiyetajwa namjua. Ni mama, nyanya au dada mkubwa. Wagonjwa wetu walikuwa watoto kama yule wa Duret, wazee waliojisokota utumbo, na vijana waliotobolewa utumbo na homa ya matumbo. Walipasuliwa Kakamega au Eldoret, wakarudi Kabras na pamba kidogo na tarehe ya kliniki.

Mfuko wa kukinga uchafu haukuwepo. Mama alirarua shuka kuukuu, akakunja kitambaa, akakifunga kwa kipande cha leso na kukibadilisha kila kilipolowa. Usiku usingizi ulimshinda, na madhara yalifanyika saa hizo. Kinyesi cha utumbo mwembamba ni majimaji yaliyobeba vimeng'enya vya kusaga chakula. Kikikaa juu ya ngozi, huanza kuisaga nayo. Asubuhi ulikuta duara jekundu linalotoa maji. Stoma yenyewe, yaani ule utumbo uliotolewa nje, haina hisia ya maumivu. Mtoto alilia kwa sababu ya ngozi. Tulipaka marhamu ya zinki, au mafuta ya mgando yakikosekana, na yalisaidia, kwani uchafu haupenyi mafuta kwa urahisi.

Ulaya na Marekani nako waliteseka hivyo hivyo hadi miaka ya 1950. Mwaka 1952 Bryan Brooke wa Birmingham, Uingereza, aliukunja mwisho wa utumbo ukachomoza kama mdomo wa birika, na uchafu ukaanza kudondokea mbali na ngozi. Kule Cleveland, Rupert Turnbull alitumia karaya, utomvu wa mti wa India unaonata kwenye ngozi yenye unyevu na kuikinga. Mwaka 1954 muuguzi wa Denmark, Elise Sørensen, alimwona dada yake Thora akiogopa kutoka nyumbani baada ya upasuaji, akabuni mfuko wa plastiki wa kubandika. Mwaka 1958 Turnbull alimwajiri Norma Gill, mgonjwa wake mwenyewe, awafundishe wengine kujitunza. Maarifa ya ngozi yalitoka kwa walioishi na stoma na waliolala nao chumba kimoja.

Huku kwetu plastiki ilifika kwa njia ya dukani. Akina mama walifunga karatasi za nailoni juu ya stoma kwa bendeji. Serikali ilipozipiga marufuku tarehe 28 Agosti 2017, mama mmoja aliniuliza, "Sista, sasa watanishika kwa sababu ya mtoto?" Nikamwambia ajaribu mifuko ya mkate, ambayo haikukatazwa.

Sasa mifuko ya kubandika inapatikana, ingawa bei yake inamlemea mkata miwa wa Butali, ambaye jasho lake huibandua kabla ya wakati. Lakini adui mkubwa niliyekutana naye ni mafuta ya mgando. Nyanya aliyelea mtoto enzi ya kitambaa anaona ngozi imeiva, anaipaka kwa huruma, na mfuko unakataa kushika. Uchafu unapita chini yake, ngozi inachubuka zaidi, naye anaongeza mafuta.

Ndiyo maana sikumruhusu mgonjwa kabla ya kuketi na mkubwa wa nyumba. Nilimwambia: "Nyanya, ulifanya sawa kwa kitambaa. Mfuko unataka ngozi kavu. Osha kwa maji ya uvuguvugu peke yake, kausha kwa kugusagusa, usisugue. Pima stoma kila unapobadilisha, maana wiki za kwanza inanywea. Tundu la mfuko lipite ukubwa wake kwa milimita mbili au tatu tu. Mtoto akianza kujikuna, usingoje mfuko uvuje, bandua uone." Wengi walinibishia kidogo, kisha wakaomba waonyeshwe tena kukata lile tundu. Aliyekata mwenyewe mbele yangu ndiye niliyemruhusu kwenda.