Turiani kabla ya muwa: mlima na bonde vilipokuwa shamba moja

Mtu akiuliza Turiani kuna nini, jibu la haraka ni sukari. Barabara ya lami ya karibu kilomita 50 inayochepuka Magole, kwenye njia kuu ya Morogoro–Dodoma, humpitisha msafiri katika vijiji vya mpunga kama Hembeti na Mkindo, lakini akishaiona miwa ya kiwanda cha Mtibwa hayo ya njiani huyasahau. Historia ya eneo hili nayo husimuliwa hivyohivyo: palikuwa na pori, kikaja kiwanda, watu wakafuata ajira, mji ukazaliwa. Simulizi hiyo ina ukweli wake, ila imeanzia katikati. Kiwanda kiliwakuta wakulima wenye utaratibu wao wa kuishi, na nguzo ya utaratibu huo ilikuwa kulima mlimani na bondeni kwa pamoja. Ukiifuatilia historia ya Turiani tangu karne ya 19, utaona kwamba mamlaka karibu zote zilizoingia zilivitenganisha vitu hivyo viwili kwa sababu zake, nyingine nzuri na nyingine mbaya, na kila mara mzigo wa utengano huo ulimwangukia mkulima.

Tuanze na ardhi yenyewe. Turiani, ambayo leo iko katika Wilaya ya Mvomero, imekaa chini ya Milima ya Nguru, si Uluguru kama wanavyodhani wengi wa nje ya mkoa. Uluguru iko kusini, juu ya mji wa Morogoro. Safu zote mbili ni sehemu ya Tao la Mashariki, na zote hukinga upepo wenye unyevu kutoka Bahari ya Hindi, ndiyo maana upande unaotazama bahari hupata mvua nyingi. Mvua hiyo ndiyo inayoijaza mito ya Diwale na Mkindo pamoja na vijito vingi vinavyoshuka hadi Mto Wami. Juu kuna ubaridi na ukungu. Huko hustawi migomba, maharage, magimbi na mahindi, na siku hizi iliki. Chini kuna udongo mzito unaotuamisha maji wakati wa masika. Huko ni mpunga, na mahindi kwenye vijiinuko. Vuli ikikosekana bondeni, mgomba wa mlimani bado una mkungu. Mvua ikizidi mlimani na maharage yakaoza, bondeni ndipo mpunga unaponenepa. Familia yenye kipande juu na kipande chini, au yenye ndugu huko na huko, haikuwa imekingwa na njaa kabisa, lakini ilikuwa na mahali pa kukimbilia.

Kukimbiliana huko kulishikiliwa na ukoo. Wanguu, Wazigua, Waluguru na Wakaguru huhesabu ukoo kwa upande wa mama, jambo ambalo mwanaanthropolojia T. O. Beidelman alilieleza mwaka 1967 katika kitabu chake kuhusu jamii hizi za mashariki mwa Tanzania. Ardhi ilikuwa ya ukoo. Mtu alipewa ya kulima, hakupewa ya kuuza. Mgeni naye alipokewa. Kwa Waluguru, Roland Young na Henry Fosbrooke walieleza mwaka 1960 jinsi anayelima ardhi ya ukoo usio wake alivyotoa ngoto, zawadi ndogo ya mazao iliyokuwa ushahidi kwamba anamtambua mwenye ardhi. Mgeni huyo aliruhusiwa mahindi na maharage, lakini kupanda miti ya kudumu lilikuwa suala jingine, kwa sababu mti hudumu shambani miaka na miaka na huja kuzaa madai. Wenyeji nao walikuwa na sababu zao za kukaribisha. Watu wengi walimaanisha pori lililofyekwa, mbung'o waliosogezwa mbali na nguruwe waliolindwa zamu kwa zamu. Waliposema mgeni njoo mwenyeji apone, walikuwa wanazungumzia nguvu kazi kama walivyozungumzia ukarimu.

Atasema mtu kwamba picha hii imepambwa. Kwamba zamani hizo zilikuwa na vita, utumwa na njaa. Ni kweli, na haifai kuficha. Katika karne ya 19 nchi ya Uzigua na Unguu ilipitiwa na biashara ya watumwa, na ukame wa miaka ya 1830 uliwafanya watu wauzwe hadi pwani ya Somalia, ambako vizazi vyao vilibaki kando ya Mto Juba hadi baadhi yao waliporudi Tanzania wakiwa wakimbizi na kukaa Chogo, Handeni. Mlima wenyewe ulikuwa pia ngome ya kujificha. Mwaka 1877 mapadre wa Shirika la Roho Mtakatifu, waliokuwa Bagamoyo tangu 1868, walifungua misheni ya Mhonda, jirani na Turiani, wakianza na familia za Kikristo za watu waliokombolewa utumwani. Kwa hiyo hata jamii ya Turiani tunayoiita ya wenyeji ilikuwa na wageni wake, miaka mingi kabla ya muwa. Tofauti ni kwamba wageni hao waliingia katika utaratibu uliokuwapo: walipewa ardhi, wakalima, wakaoa, wakazikwa hapo. Ubora wa mfumo huo haukuwa katika amani yake, kwani mara nyingi haikuwapo. Ulikuwa katika uwezo wake wa kupokea watu na kutawanya hatari.

Mkono wa kwanza wa kutenganisha ulikuwa wa kikoloni. Mwishoni mwa 1884 Carl Peters alikusanya mikataba yake ya ulaghai katika Useguha (yaani Uzigua), Nguru (Unguu), Usagara na Ukami, na Februari 1885 nchi hizo nne zikawa msingi wa koloni la Wajerumani. Wanafunzi wetu wote wanamjua Mangungo wa Msovero, mmoja wa watawala waliotiwa katika mikataba hiyo, lakini wachache hukumbuka kwamba Nguru nayo ilikuwa ndani ya fungu hilohilo. Miaka kumi haikupita kabla ya sotoka, nzige na ukame kuivamia nchi kwa mfululizo. Mwanahistoria James Giblin, katika kitabu chake cha mwaka 1992 kuhusu Uzigua, anaonyesha kwamba majanga ya namna hiyo hayakuwa mageni; kilichokuwa kigeni ni kwamba wakubwa wa zamani waliokuwa wakiweka akiba na kulisha wafuasi wao walikuwa wamenyang'anywa biashara na madaraka. Watu wakatawanyika, pori likarudi, na mbung'o wakarudi nalo. Kodi ya kibanda ikawasukuma vijana kwenda kutafuta vibarua. Kisha misitu ya milimani ikaanza kuwekewa mipaka na serikali, kazi ambayo Waingereza waliiendeleza. Mlima ukawa mali ya idara, na bonde likaachwa kuwa la wakulima.

Uluguru inatupa somo la karibu kuhusu kilichofuata pale mtawala alipotaka kuurekebisha mlima kwa amri. Kuanzia mwaka 1950 serikali ya Waingereza iliendesha mpango wa matumizi ya ardhi ya Uluguru, ikiwalazimisha watu kuchimba matuta ya ngazi ili kuzuia mmomonyoko. Hofu ya mmomonyoko ilikuwa ya haki. Lakini kwenye miteremko ile udongo wenye rutuba ni tabaka jembamba, na kuukata ngazi mara nyingi kulileta juu udongo usiozaa. Tena kazi nzito ya kudumu ilimuuliza mkulima swali ambalo mpango haukulijibu: nikiliboresha shamba la ukoo mwingine, litakuwa la nani? Julai 1955 ghasia zilizuka Matombo, polisi wakafyatua risasi, mtu mmoja akafa, na mpango ukafa pamoja naye. Waluguru wengi waliendelea kushuka mabondeni kutafuta ardhi, na Turiani ilikuwa mojawapo ya sehemu walikopokewa.

Baada ya uhuru amri zilibadilika sura. Mtibwa ilikua kuwa shamba kubwa na kiwanda cha miwa, ikawa mali ya umma baada ya Azimio la Arusha la 1967, kisha ikarudi kwa mwekezaji binafsi mwishoni mwa miaka ya 1990. Wakatamiwa walitoka mikoa ya mbali, na makazi kama Madizini yakajaa. Novemba 1973 Mwalimu Nyerere alitangaza kwamba kuishi vijijini kutakuwa lazima kabla ya mwisho wa 1976, na Sheria ya Vijiji na Vijiji vya Ujamaa ikapitishwa mwaka 1975. Nia ilikuwa shule, zahanati na maji karibu na watu, na vingi vilipatikana. Lakini kijiji kilichopangwa kando ya barabara kilimtaka mtu awe na anwani moja, wakati kilimo chake kilikuwa na mbili. Vijiji vya juu kama Maskati na Pemba havikufutika. Kilichodhoofika ni ule mwendo wa familia moja kupanda na kushuka kwa msimu, maana sasa kila upande ulikuwa na serikali yake ya kijiji na orodha yake ya wakazi.

Hapa ndipo hoja nzito zaidi dhidi yangu inapokuja: bila muwa, Turiani ingekuwa wapi? Sukari imeleta fedha taslimu, ajira na soko la kila kinacholimwa, na wapo wakulima waliojenga nyumba na kusomesha watoto kwa miwa waliyoiuza kiwandani. Sipingi hata neno moja. Nauliza tu nani anabeba hatari. Muwa wa kwanza huchukua mwaka au zaidi kukomaa, kisha huchipua na kuvunwa kila mwaka; ardhi iliyoingia humo haitoki upesi. Shamba likishachomwa moto na kukatwa, muwa lazima usagwe mapema, maana kila siku unayolala shambani au kwenye gari unapoteza sukari, na bei hufuata uzito pamoja na kiwango cha sukari. Hauwekwi ghalani, hauliwi badala ya ugali, na mnunuzi ni mmoja. Gunia la mpunga ni kitu kingine: huwekwa ndani hadi bei ipande, huuzwa kwa yeyote, na ikibidi hukobolewa nyumbani. Kwa sababu hiyo malalamiko ya miwa kubaki shambani na malipo kuchelewa yamesikika kwa miaka mingi kwa wakulima wa nje, yaani wenye mashamba yao wanaoviuzia miwa viwanda vya sukari nchini, na kwa sababu hiyohiyo wapo waliopunguza miwa na kurudi kwenye mpunga. Waliofanya hivyo walikuwa na hesabu ya kale: usiache mbachao kwa msala upitao. Miwa ni nzuri pale inapoongezwa kwenye shamba la chakula, na ni hatari pale inapolimeza.

Hoja ya pili ni ya wahifadhi, nayo ina uzito. Wanasema mlima lazima utengwe, kwa sababu wakulima wanaumaliza. Iliki ni mfano mzuri: hupandwa chini ya kivuli cha msitu, hivyo kwa mbali msitu huonekana mzima, lakini vichaka na miche ya chini imeshafyekwa, na miti mikubwa ikianguka haina warithi. Mavuno yakipungua, mkulima husogea mbele. Ndiyo maana mwaka 2016 misitu ya Nguru Kusini na Mkindo iliunganishwa kuwa Hifadhi ya Mazingira Asilia ya Mkingu, yenye zaidi ya hekta 26,000. Kulinda chanzo cha maji ni lazima. Bila msitu ule hakuna Diwale wala Mkindo. Hata hivyo, aliyekatazwa iliki juu na aliyekosa ardhi chini, kwa kuwa bonde limejaa miwa na mpunga wa wengine, hana njia ya tatu. Faida ya maji anayoyalinda hupatikana kilomita kadhaa chini, kwa watu wasiomjua. Mfumo wa zamani ulimpa sababu ya kuulinda mlima kwa kuwa aliyekuwa juu na aliyekuwa chini walikuwa mtu yuleyule, au mjomba na mpwawe.

Bonde nalo lina utengano wake. Bonde la Mgongola limewagombanisha kwa miaka wafugaji wa Kambala na wakulima wa vijiji jirani, na si vigumu kuona kwa nini: ni maji ya kiangazi kwa mmoja na jaruba kwa mwingine. Mkoa wa Morogoro unajua hatari ya kuacha jambo kama hilo lichachuke. Desemba 2000 watu 38 waliuawa Rudewa Mbuyuni, Kilosa, katika mgogoro wa wakulima na wafugaji. Mipaka ya vijiji ni ya lazima kisheria, ila mpaka peke yake hugawa ardhi bila kugawa msimu. Upande wa pili Mkindo inaonyesha kinachowezekana. Miaka ya mwanzo ya 2010 watafiti wa Chuo Kikuu cha Sokoine walijaribu huko kilimo shadidi cha mpunga pamoja na wakulima wa skimu ya umwagiliaji: mche mmoja mmoja, ungali mchanga, kwa nafasi ya sentimita 25 hivi kila upande, na jaruba linaloachwa likauke kidogo kabla ya kumwagiliwa tena. Mavuno yakapanda na maji yakapungua. Palizi huongezeka, na mtu asiye na mikono ya kutosha hulalamika, lakini maana yake kihistoria ni kubwa: bonde linaweza kula bila kuunyonya mlima hadi mwisho.

Turudi basi kwenye hoja. Simwombi yeyote arudishe koo na ngoto. Watu ni wengi mno, ardhi inauzwa, na wasichana na wavulana wa Turiani wanataka kazi zisizo za jembe. Ninachosema ni kwamba mipango yetu bado inafuata kosa la mpango wa Uluguru wa mwaka 1950, la kuushughulikia mlima peke yake: idara moja huangalia msitu, nyingine sukari, nyingine umwagiliaji, na kijiji huchorewa ramani yake peke yake. Ofisi inayoutazama mto mzima ipo tayari, yaani Bodi ya Maji ya Bonde la Wami/Ruvu, lakini kazi yake ni maji, si nani alime nini wapi. Mkataba wa miwa ungeweza kumtaka mkulima abakize eneo la chakula. Ada ya maji ya bondeni ingeweza kuwafikia wanaolinda msitu juu. Mpango wa matumizi ya ardhi ungeweza kujadiliwa na vijiji vyote vya mto mmoja, wafugaji wakiwamo. Hakuna hata moja kati ya haya linalohitaji teknolojia mpya, wala linaloidhuru sukari. Yanahitaji tu serikali ikubali kile ambacho wakulima wa Nguru walikuwa wakikifanya kabla ya kiwanda: kuuhesabu mlima na bonde katika mizani moja.