Nguzo za Baraza Sepuka

Aitazamaye nguzo yenye nakshi barazani hudhani kuwa ni pambo tu. Historia ya nyumba za Sepuka, mkoani Singida, yatufundisha vingine. Nyumba ya tembe ya Wanyaturu ilibeba paa tambarare la udongo, ambalo uzito wake huzidi lilowapo kwa mvua. Nguzo ikiliwa na mchwa, paa humwangukia aliyelala. Kwa hiyo nguvu ilitangulia uzuri. Mti wenye panda ulipendelewa, kwani panda hushika boriti pasipo msumari. Kiini cha mpingo au mninga hustahimili mchwa. Sehemu nyeupe ya nje huliwa upesi, basi yafaa iondolewe kwa tezo.

Operesheni Vijiji ya miaka ya 1973 hadi 1976 iliwahamisha watu wengi, na hatua kwa hatua bati likashika mahali pa udongo. Mzigo ukapungua, na pambo likapata nafasi. Leo nguzo hupigwa randa, husuguliwa kwa msasa, kisha hupakwa vanishi. Walakini vanishi haiugeuzi mti laini kuwa mgumu. Ajengaye baraza na aanze walipoanza wazee: kwanza kiini, ndipo rangi.