Treni au gari: jinsi mabonde ya Wajerumani yalivyomjibu msafiri

Anayepanga matembezi ya Ujerumani, Austria na Uswisi hukwama mapema kwenye swali moja: apande treni au akodi gari? Wengi hulijibu kwa kulinganisha nauli na bei ya petroli. Naona ni heri kuanza na historia, maana katika nchi hizi kila bonde lilikwisha kulijibu swali hilo zamani, mahali pengine kwa mikono ya maelfu ya vibarua, mahali pengine kwa kura. Msafiri asiyelijua jibu la bonde hupoteza siku zake bure.

Kabla ya treni na gari palikuwa na mto. Mwaka 1827 meli za mvuke zilianza kubeba abiria kwa ratiba kati ya Köln na Mainz, kwenye kipande cha mto Rhine ambacho ngome za kale zimekaa juu ya mashamba ya mizabibu. Mwaka huohuo Karl Baedeker, kijana mzaliwa wa Essen, alifungua duka la vitabu mjini Koblenz, katikati ya njia hiyo. Miaka michache baadaye alinunua kampuni ya uchapishaji iliyokuwa imefilisika, na ndani yake akakuta kitabu cha Johann August Klein cha mwaka 1828 kuhusu safari ya Rhine. Alikichukua, akakisahihisha, akakipanua, na toleo lake la mwaka 1835 likaanzisha ukoo mzima wa vitabu vya safari.

Kilichokuwa kipya humo hakikuwa sifa za mandhari. Msafiri wa siku zile alikuwa mikononi mwa wenyeji wake: mwenye gari la farasi ndiye aliyechagua barabara, mwenye nyumba ya wageni alipanga bei baada ya kumtazama mgeni mavazi, na mtembezaji alimpeleka alikotaka yeye mwenyewe. Baedeker aliandika bei. Aliandika bakshishi inayotosha, saa za kutembea kutoka kijiji hadi kijiji, na nyumba ipi ni safi. Baadaye akaongeza nyota kwa vitu ambavyo mwenye haraka asivikose. Mwaka 1847 mtu mmoja alimwona akipanda ngazi za kanisa kuu la Milano, huku kila baada ya hatua kadhaa akihamisha punje ya njegere kutoka mfuko wa kizibao hadi mfuko wa suruali. Alikuwa anahesabu vidato, na akishuka alirudia hesabu ileile kwa kinyume ili ajihakikishie. Nakiheshimu sana kisa hicho. Mtu alijichosha magoti ili mwingine, asiyemjua, aweze kupanga siku yake akiwa kwake, bila kumtegemea wala kumwogopa mtu.

Kazi hiyo njema ilikuja kutiwa doa. Mwaka 1942, baada ya Waingereza kuuchoma kwa mabomu mji mkongwe wa Lübeck, ndege za Hitler zilishambulia Exeter, Bath, Norwich, York na Canterbury, miji ya fahari ya kihistoria, na afisa mmoja wa Ujerumani akatamka kwamba shabaha zitachaguliwa kwa nyota za Baedeker. Desemba 1943 mabomu ya Waingereza nayo yakateketeza mtaa wa wachapishaji mjini Leipzig, ambako kampuni ya Baedeker ilikuwa imehamia. Kumbukumbu zake nyingi zikaishia motoni.

Reli ilifika mwaka uleule wa kitabu. Tarehe 7 Desemba 1835 injini ya mvuke iitwayo Adler, iliyoundwa na kiwanda cha Stephenson huko Newcastle na kuendeshwa na Mwingereza William Wilson, ilivuta mabehewa kutoka Nürnberg hadi Fürth, mwendo wa kilomita sita hivi. Makaa yalikuwa ghali, kwa hiyo miaka ya mwanzo safari nyingi za njia hiyo zilivutwa na farasi. Lakini mwaka 1839 Leipzig na Dresden zilikuwa tayari zimeunganishwa, na katika tambarare za kaskazini reli ilienea kwa kasi, kwani hapakuwa na kizuizi kikubwa. Ndiyo sababu hadi leo Hamburg, Berlin, Leipzig na Dresden ni miji ya treni. Kukodi gari ili kutoka mmoja hadi mwingine ni kununua foleni na shida ya maegesho.

Kwenye milima mambo yalikuwa mengine. Mwaka 1848 mhandisi Carl von Ghega, mzaliwa wa Venice, alianza kujenga reli ya kuvuka Semmering, kusini mwa Vienna, wakati hapakuwa na injini hata moja duniani iliyothibitika kuweza kupanda mwinuko ule. Alijenga kwa imani kwamba injini itapatikana. Mwaka 1851 yakafanyika mashindano ya kuitafuta, na mwaka 1854 njia yote ya kilomita 41 ikafunguliwa, ikiwa na madaraja makubwa 16, baadhi yake ya matao juu ya matao. Vibarua wapatao 20,000 waliifanya kazi hiyo, na wengi waliuawa na kipindupindu na homa ya matumbo kambini. Treni za Vienna kwenda Graz bado zinapita juu ya mawe yao. Chini ya mlima linajengwa handaki jipya la kilomita 27, na litakapofunguliwa treni za mwendo kasi zitapita gizani. Anayetaka kuiona Semmering ya Ghega akiwa ndani ya treni ya masafa marefu asiahirishe sana.

Handaki lililotikisa Ulaya nzima ni lile la Gotthard nchini Uswisi. Louis Favre, fundi wa Geneva aliyeanza maisha kama seremala, alitia saini mwaka 1872 kulichimba kwa miaka minane, kilomita 15 za mwamba kati ya Göschenen na Airolo, na mkataba ulimtoza faini kwa kila siku ya kuchelewa. Uzito wa mkataba huo uliwaangukia wachimbaji, wengi wao Waitalia. Walifanya kazi katika joto kali, hewa imejaa moshi wa baruti, minyoo ya tumboni ikiwamaliza damu. Mwaka 1875 waligoma pale Göschenen, na wanamgambo wakawafyatulia risasi, wanne wakafa. Hesabu rasmi inataja vifo karibu 200 vya ndani ya handaki, bila kuwahesabu waliokwenda kufia makwao. Favre naye alianguka humohumo ndani Julai 1879, akafa. Pande mbili zilipokutana mwaka uliofuata, kitu cha kwanza kupitishwa kwenye tundu kilikuwa picha yake.

Msomaji wa Tabora au Kigoma hahitaji kuelezwa habari hii kwa kirefu. Reli ya Kati, iliyoanza Dar es Salaam mwaka 1905 na kufika Kigoma mwaka 1914, ilijengwa na kampuni ya Philipp Holzmann ya Frankfurt kwa jasho la vibarua wa Kiafrika, na ni nadra kukuta majina yao yameandikwa mahali.

Jibu linalonivutia kuliko yote lilitolewa kwenye jimbo la Graubünden, mashariki mwa Uswisi, ambako Kijerumani kinasemwa pamoja na Kiromanshi na Kiitaliano. Mwaka 1900 serikali ya jimbo ilipiga marufuku magari ya petroli katika barabara zake zote. Sababu hazikuwa za kipuuzi. Barabara za milimani zilikuwa nyembamba na zilijengwa kwa fedha za wananchi, farasi wa posta walishtuka, vumbi lilijaa majumbani, na waliokuwa na magari walikuwa matajiri wa nje wanaopita tu. Suala lilirudishwa kwa wapiga kura tena na tena, na tena na tena wakakataa. Mwaka 1925 ndipo wengi walipokubali.

Katika robo karne hiyo jimbo lilijenga reli. Daraja la Landwasser, lenye urefu wa mita 65 kwenda juu, lilisimamishwa mwaka 1902, na treni inayolivuka huingia moja kwa moja kwenye tundu la handaki katika ukuta wa mwamba. Mwaka 1904 reli nyembamba ya Albula ilifika St. Moritz, na mwaka 1910 ile ya Bernina ikavuka kilele chenye mita 2,253 juu ya bahari, bila handaki la kupunguza mwinuko, hadi Tirano nchini Italia. UNESCO iliziweka njia hizi mbili kwenye orodha ya urithi wa dunia mwaka 2008. Msafiri anayekwenda Graubünden kwa gari anaruhusiwa, barabara ni nzuri sasa, lakini anapita mahali ambapo kizazi kizima kilikataa gari na kuweka akili na fedha yake kwenye reli. Mimi nasema apande treni.

Gari lilizaliwa kwenye tambarare, na safari yake ya kwanza ndefu ilipangwa na mama. Agosti 1888, huko Mannheim, Bertha Benz alilitoa gari la mumewe, Karl, bila kumwambia, akawapakia wanawe Eugen na Richard, akaelekea kwa mama yake mjini Pforzheim, mwendo wa kilomita 100 na ushei. Karl alikuwa amelisajili gari lake mwaka 1886, lakini wanunuzi hawakuwapo. Fedha za Bertha mwenyewe ndizo zilizokuwa zimeiokoa biashara, kwa hiyo alikuwa na haki ya kutaka kujua kama chombo kinafaa. Hapakuwa na kituo cha mafuta popote duniani. Pale Wiesloch alinunua mafuta katika duka la dawa, yakiuzwa kama dawa ya kutoa madoa. Bomba la mafuta lilipoziba alilizibua kwa pini ya kofia. Breki za mbao zilipolika, fundi viatu alizipigilia ngozi. Milima ikiwashinda, watoto walishuka wakasukuma, na baada ya safari hiyo gari likaongezwa gia ya kupandia. Tangu mwaka 2008 njia aliyopita imewekewa vibao rasmi vya kumbukumbu, na hiyo ni safari ya kufanywa kwa gari, polepole, kupitia Heidelberg na vijiji vya mizabibu.

Gari linafaa pia mashariki zaidi. Mwaka 1950, nchi ikiwa bado katika vifusi, miji kadhaa ya Bavaria na jirani zake ilijiunganisha kwa jina la Barabara ya Mahaba, kutoka Würzburg hadi Füssen, na wateja wake wa mwanzo walikuwa wanajeshi wa Marekani waliopangwa huko pamoja na familia zao. Hakuna reli moja inayofuata njia hiyo tangu mwanzo hadi mwisho. Rothenburg, mji wake maarufu, hupendwa kwa kudhaniwa kwamba haukuguswa tangu enzi za kale. Ukweli ni kwamba Machi 1945 mabomu yalibomoa sehemu kubwa ya mji wa ndani, na ukitembea juu ya ukuta wake utasoma kwenye mawe majina ya watu wa nchi nyingi waliochangia kuujenga tena. Kuyasoma majina hayo kunafaa kuliko kukimbilia duka la zawadi.

Kwa anayepanga leo, nyota za Baedeker zimehamia kwenye simu, na mitego imebadilika. Austria na Uswisi hudai stika ya barabara kuu. Austria huuza za siku chache, Uswisi huuza ya mwaka mzima tu, kwa faranga 40. Ujerumani ina tiketi ya mwezi kwa treni za mikoani, iliyoanza Mei 2023 kwa euro 49 na ambayo bei yake imepanda tangu hapo. Treni zake za masafa marefu hazitabiriki kama zamani: mwaka 2024 ni kama asilimia 62 tu zilizofika kwa wakati, kwa hiyo usipange kubadili treni kwa dakika tano. Waswisi walianza mwaka 1982 kupanga treni zao zirudi kila saa kwa dakika ileile, na ukikosa moja hujaharibikiwa siku.

Ratiba hiyo ya kila saa ndiyo inayofaa kwa Gotthard. Tangu mwaka 2016 treni za haraka hupita handaki jipya la chini, kilomita 57, na abiria haoni kitu. Lakini njia ya zamani bado i hai, na treni yake hutoka Zürich au Basel. Katika mizunguko ya kupanda mlima, kanisa dogo la Wassen huonekana mara tatu, kila mara kwa kimo kingine. Shuka Airolo, baada ya handaki la Favre. Karibu na stesheni ipo sanamu ya shaba ya Vincenzo Vela inayoonyesha wachimbaji wakimbeba mwenzao kwenye machela. Itazame bila haraka. Treni ya kwenda Bellinzona na Locarno itakuja tena baada ya saa moja.